Ratiba ni Sentensi Changamano: Utegemezi wa Shughuli na Hatima ya Mtafiti wa Kiswahili

Utangulizi

Karibu katika kila pendekezo la utafiti linalowasilishwa kwenye idara za Kiswahili nchini Kenya, mna ukurasa mmoja ambao huandikwa mwisho, husomwa haraka na kusahaulika mapema. Ukurasa huo ni ule wa ratiba. Aghalabu huwa ni jedwali lenye safu mbili: upande mmoja majina ya shughuli, upande wa pili miezi. Januari hadi Machi, kusoma maktabani. Aprili, kutetea pendekezo. Mei hadi Julai, kukusanya data nyanjani. Agosti hadi Oktoba, kuchanganua data. Novemba, kuwasilisha tasnifu. Jopo linaloketi kumsaili mwanafunzi humhoji kwa kina kuhusu mada, nadharia, upeo na mbinu za utafiti. Likifika kwenye ratiba, huuliza iwapo muda utatosha, mwanafunzi hujibu kwamba utatosha, na kikao hufungwa.

Mambo huanza kuharibika baadaye. Hatua moja ikichelewa, jedwali zima hugeuka kuwa uongo, na mwenye jedwali hana njia ya kujua ni sehemu ipi ya uongo huo inayomhusu. Je, asogeze kila kitu mbele? Je, kuna kazi anayoweza kuifanya wakati huu anaposubiri? Je, akichelewa majuma matatu leo, atachelewa majuma mangapi mwishoni? Jedwali halimjibu. Kwa kukosa jibu, wengi huketi na kungoja, na kungoja huko huzaa mwaka wa pili, kisha wa tatu. Jamii ya chuo nayo haikawii kutoa hukumu: mwanafunzi huyo ni mvivu.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa la msingi limo katika umbo la ratiba yenyewe. Ratiba inayofaa hujengwa kwa mahusiano baina ya shughuli, na tarehe huwa ni matokeo ya mahusiano hayo. Wataalamu wa usimamizi wa miradi wamelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka sitini, na programu za tarakilishi wanazozitumia zimejengwa juu yake. Makala yanadai pia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulielewa, kwa kuwa sarufi aliyoisoma tangu shule ya upili inayabeba mahusiano hayo kwa ufasaha mkubwa.

Jedwali linaficha nini?

Hebu izingatiwe safari ya kawaida ya mtafiti wa shahada ya uzamili. Pendekezo lake sharti likubaliwe na idara, kisha lipitishwe na ngazi za juu za chuo. Baada ya hapo huhitaji idhini ya kamati ya maadili pale utafiti unapowahusu watu, na kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), iliyoundwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Kisha ndipo aende nyanjani. Hatua hizi zimefungamana kama shanga katika uzi mmoja. Ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kukamilika.

Wakati huohuo kuna shughuli ambazo hazikufungwa katika uzi huo. Kusoma maandishi kuhusu nadharia hakungoji kibali cha mtu yeyote. Kuandika sura ya mapitio ya maandishi kunaweza kuendelea ilhali barua zingali ofisini. Kujifunza kutumia kinasasauti, kuandaa hojaji na kuijaribu kwa watu wachache wa karibu pale kanuni zinaporuhusu, kupanga mfumo wa kuhifadhi rekodi: yote haya yana uhuru wake.

Jedwali la safu mbili huyaweka makundi haya mawili bega kwa bega, kana kwamba yana hadhi moja. Msomaji huona tu kwamba "kibali" ni mwezi wa Aprili na "mapitio ya maandishi" ni Januari hadi Machi. Haoni kwamba kuchelewa kwa la kwanza kunasimamisha nusu ya utafiti, na kuchelewa kwa la pili huenda kusidhuru kitu kwa majuma kadhaa. Yaani jedwali linaonyesha mpangilio wa wakati na kuficha sababu za mpangilio huo.

Historia fupi ya ufumbuzi

Tatizo hili halikuanzia kwenye vyuo vikuu vya Kenya. Mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alibuni mwaka 1896 mchoro alioutumia kuonyesha jinsi kazi za viwandani zilivyotegemeana, lakini maandishi yake hayakusambaa upesi nje ya lugha yake na za majirani. Mchoro uliopata umaarufu duniani ni ule uliohusishwa na Mmarekani Henry Gantt, aliyefariki mwaka 1919. Katika mchoro huo kila shughuli huwakilishwa na mstari mnene uliolazwa juu ya kalenda. Ni mchoro wenye kuvutia macho na ulio rahisi kuelewa. Hata hivyo, katika umbo lake la awali ulikuwa na upungufu uleule wa jedwali la mwanafunzi: ulisema shughuli ni lini, haukusema ni kwa nini.

Mnamo mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walianza kubuni njia ya kukokotoa ratiba za viwanda vya kemikali kwa tarakilishi. Mwaka uliofuata, jeshi la wanamaji la Marekani lilianzisha mbinu iliyoitwa PERT kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Mbinu zote mbili zilianza na swali moja: shughuli hii inategemea ipi? Majibu yalipoandikwa yote, tarakilishi iliweza kukokotoa tarehe. Toleo la kwanza la programu ya Microsoft Project lilitoka mwaka 1984, na tangu hapo zana hizi zimefika kwenye meza ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo mwanafunzi anayechora jedwali lisilo na mahusiano leo hii anatumia maarifa yaliyotangulia mwaka 1957, hata kama amelichora kwa kipakatalishi cha kisasa.

Sarufi ya utegemezi

Kiswahili hakihitaji kuazima ili kulizungumzia jambo hili. Neno "utegemezi" limo katika sarufi. Kila mwanafunzi anajua kwamba kishazi tegemezi hakijitoshelezi kimaana mpaka kiungane na kishazi huru, na kwamba muungano huo huzaa sentensi changamano. Shughuli katika mradi ziko vivyo hivyo. Kuna shughuli tangulizi na kuna shughuli fuasi, na ratiba ni sentensi changamano ndefu inayoziunganisha.

Programu za usimamizi wa miradi hutambua aina nne za uhusiano, na kila aina ina muundo wake katika Kiswahili.

Aina ya kwanza ni ya mwisho kwa mwanzo: shughuli tangulizi ikamilike ndipo fuasi ianze. "Kibali kikishatolewa, ndipo mahojiano yaanze." Kiambishi -ki- kikishirikiana na -sha- huonyesha ukamilifu wa tendo la kwanza, na "ndipo" hufunga mlango kwa tendo la pili. Huu ndio uhusiano unaotokea mara nyingi zaidi.

Aina ya pili ni ya mwanzo kwa mwanzo: "Mahojiano yakianza, unukuzi nao uanze." Hapa -sha- haipo, kwa sababu tendo la kwanza halihitaji kukamilika. Mara nyingi huwekwa muda wa kusubiri katikati: mahojiano yaanze, na baada ya majuma mawili unukuzi uanze.

Aina ya tatu ni ya mwisho kwa mwisho: "Uhariri usimalizike kabla ya sura ya mwisho kumalizika." Kazi mbili zinaweza kwenda pamoja kwa muda mrefu, lakini moja haina ruhusa ya kufunga kabla ya nyenzake.

Aina ya nne, ambayo hutokea kwa nadra, ni ya mwanzo kwa mwisho: "Bawabu wa usiku asiondoke mpaka wa mchana aingie." Kuanza kwa mmoja ndiko kunakomruhusu mwingine kumaliza.

Ni muhimu kutanabahi kwamba si kila neno la wakati huonyesha utegemezi. Kihusishi "baada ya" kina hadaa ndani yake. Mtu akisema "Alisoma gazeti baada ya kunywa chai", ametaja mfuatano tu. Gazeti lingeweza kusomwa hata bila chai. Akisema "Asipopata kibali hatakwenda nyanjani", ametaja sharti. Ratiba nyingi za wanafunzi zimejaa "baada ya" ya aina ya kwanza. Mwanafunzi huandika kwamba ataandika sura ya nadharia baada ya kurudi nyanjani kwa sababu tu sura hiyo imetajwa mahali fulani katika mwongozo, ilhali hakuna kinachomzuia kuiandika mapema. Kipimo chepesi ni kuigeuza kauli iwe na -sipo-. Ikiwa "Asipokwenda nyanjani hawezi kuandika sura ya nadharia" si kweli, basi utegemezi huo haupo na uzi huo ukatwe.

Mabadiliko yanapoingia

Thamani ya ratiba ya aina hii hudhihirika pale mambo yanapokwenda kombo. Ichukuliwe mifano ya tarakimu ili hoja ishikike. Mtafiti wa fasihi simulizi anakusudia kurekodi nyimbo za harusi mjini Lamu. Amekadiria hivi: kupata kibali ni majuma 4, kurekodi nyanjani ni majuma 6, baada ya kibali, unukuzi ni majuma 8, uanze majuma 2 baada ya kurekodi kuanza, na usimalizike kabla ya majuma 2 kupita tangu rekodi ya mwisho, uchanganuzi ni majuma 6, baada ya unukuzi. Kando ya hayo, kuna mapitio ya nadharia ya majuma 8 yanayoweza kuanza siku ya kwanza na ambayo lazima yawe tayari kabla ya uchanganuzi.

Kwa makadirio hayo kibali kitapatikana mwishoni mwa juma la 4, kurekodi kutakuwa juma la 5 hadi la 10, unukuzi juma la 7 hadi la 14, na uchanganuzi juma la 15 hadi la 20. Mapitio ya nadharia yatakwisha juma la 8, nayo yanahitajika juma la 15, kwa hiyo yana akiba ya muda ya majuma 6. Msururu wa kibali, mwanzo wa kurekodi, unukuzi na uchanganuzi hauna akiba yoyote. Juma moja likipotea humo, mwisho wa mradi unasogea. Huo ndio msururu ambao mtafiti anapaswa kuukodolea macho kila siku.

Sasa kibali kichelewe majuma 3. Mwenye jedwali la safu mbili atasogeza kila kitu majuma 3 na kuridhika. Kurekodi kwake kutakuwa juma la 8 hadi la 13. Lakini tuseme juma la 12 hadi la 15 ni mwezi mtukufu wa Ramadhani, wakati ambapo harusi kwa kawaida hazifanywi katika mji huo. Ratiba yenye mahusiano na kalenda itamwonyesha kwamba atarekodi juma la 8 hadi la 11, asimame majuma 4, kisha amalizie juma la 16 na la 17. Kuchelewa kwa majuma 3 kumezaa kuchelewa kwa majuma 7 nyanjani.

Je, mradi wote umechelewa majuma 7? La. Unukuzi unafungamana na kurekodi kwa mwanzo wake na kwa mwisho wake, hivyo unaweza kuendelea wakati wa Ramadhani kwa rekodi zilizokwisha kupatikana. Utaanza juma la 10 na kumalizika juma la 19, majuma 2 baada ya rekodi ya mwisho. Uchanganuzi utakuwa juma la 20 hadi la 25. Mradi umechelewa majuma 5. Mapitio ya nadharia nayo yamepata akiba ya majuma 11 badala ya 6, na mtafiti anaweza kuitumia nafasi hiyo kusoma kwa kina zaidi au kuandika makala.

Majuma matatu, saba, matano: hakuna mtu awezaye kuzitabiri tarakimu hizi kwa kulitazama jedwali la miezi. Zinatokana na mahusiano. Kwa hakika, ratiba hiyo ingemwonya mtafiti mapema kwamba kuchelewa kwa kibali kidogo tu kungemsukuma ndani ya Ramadhani, na huenda angeanza kukishughulikia kibali mwezi mmoja kabla. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi mpaka uonekane.

Mtego wa tarehe zilizopigwa misumari

Kuwa na programu pekee hakutoshi. Wapo wanaoinunua zana ya kisasa na kuitumia kama jedwali lilelile la kale. Katika Microsoft Project, kwa mfano, mtumiaji akiandika kwa mkono tarehe ya kuanza shughuli inayopangwa na programu, programu huifunga shughuli hiyo kwa sharti kwamba isianze kabla ya tarehe hiyo. Shughuli tangulizi ikikamilika mapema, fuasi haitasogea nyuma kuikuta. Itabaki imepigwa msumari. Aidha, tangu toleo la mwaka 2010, shughuli mpya huwekwa katika hali ya kupangwa kwa mkono mpaka mtumiaji aibadilishe, na shughuli za namna hiyo hazisogei zenyewe mambo yanapobadilika. Mtu anayeandika tarehe katika kila mstari huishia na mchoro wa kupendeza ambao hauna uhai.

Kanuni ya busara ni kuandika muda wa shughuli na utegemezi wake, kisha kuiacha programu ikokotoe tarehe. Tarehe za kupigwa msumari ziwe chache na za kweli: siku ya mkutano wa kamati, sherehe ya kijadi inayofanyika mara moja kwa mwaka. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu inafaa kuwekwa kama alama ya kuonya tu. Programu hiyohiyo ina alama ya aina hiyo, ambayo haiizuii shughuli kupita bali humwarifu mtumiaji kwamba imepita. Afadhali ratiba inayosema ukweli mchungu kuliko ile inayolazimishwa kukubali tarehe isiyowezekana.

Jambo jingine ni kuhifadhi ratiba msingi, yaani nakala ya mpango kama ulivyokuwa siku ulipoidhinishwa. Bila nakala hiyo kila mabadiliko hufuta kumbukumbu ya yaliyotangulia, na baada ya mwaka mmoja hakuna ajuaye mradi ulianza kuchelewa wapi.

Kazi ya msimamizi iko wapi?

Hapa ndipo hoja inapogusa mshipa. Katika ratiba nyingi za tasnifu, shughuli zote ni za mwanafunzi. Yeye ndiye husoma, hurekodi, huchanganua na kuandika. Shughuli ya msimamizi kusoma sura na kurudisha maoni haimo kabisa, ilhali ni shughuli tangulizi ya karibu kila hatua inayofuata. Sura ya pili haiwezi kurekebishwa kabla ya kusomwa. Tasnifu haiwezi kwenda kwa watahini kabla ya kutiwa saini. Ratiba isiyozitaja shughuli hizi ni sentensi iliyokosa kiima.

Kuzitaja si kumshtaki mhadhiri. Kinyume chake, ndiyo njia ya kumtendea haki. Mhadhiri mmoja anaweza kuwasimamia wanafunzi wengi, huku akifundisha, akisahihisha mitihani na kuhudhuria vikao. Wanafunzi wanne wakimletea sura juma moja, hawezi kuzisoma zote kwa pamoja hata angekuwa na ari ya namna gani. Programu za miradi hulijua jambo hili pia: humruhusu mtumiaji kuonyesha kwamba shughuli mbili zinamtegemea mtu mmoja, na kutoa ishara mtu huyo anapozidiwa. Idara ikiwa na picha hiyo, itaweza kuwashauri wanafunzi wapishane. Mwanafunzi naye ataacha tabia ya kuleta sura Ijumaa jioni na kutarajia maoni Jumatatu asubuhi.

Zaidi ya hayo, yapo matukio yaliyo nje ya uwezo wa mwanafunzi na msimamizi. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulichukua sehemu kubwa ya miezi ya Januari hadi Machi mwaka 2017, na mwingine ukatokea mwaka uliofuata. Mwezi wa Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka 2025 masomo yalikatizwa tena kwa mgomo ulioanza Septemba na kumalizika Novemba. Katika kila tukio, zipo shughuli zilizosimama kwa lazima na zipo ambazo zingeweza kuendelea. Mwenye ratiba ya mahusiano angezitenganisha kwa dakika chache. Asiye nayo alisimamisha zote.

Kwa hiyo jambo linalopiganiwa hapa ni kubwa kuliko unadhifu wa ukurasa. Mwanafunzi anapoitwa kueleza kwa nini amepitisha muda, ratiba msingi pamoja na kumbukumbu ya mabadiliko humpa ushahidi. Itabainika ni majuma mangapi yaliyopotea kwa uzembe wake, mangapi kwa kungoja kibali, mangapi kwa kungoja maoni. Pengine uzembe wake utakuwa mkubwa kuliko alivyodhani, na hilo nalo ni la kheri kulijua. Pasipo ushahidi, lawama humwendea aliye mnyonge, na wapo walioacha masomo kwa lawama hiyo huku data zao zikiozea sandukuni. Kila tasnifu inayokufa hivyo ni hasara kwa Kiswahili.

Pingamizi na majibu yake

Baadhi ya wasomi watapinga kwamba utafiti wa fasihi haufanani na ujenzi wa daraja. Fikra haipangiwi majuma. Pingamizi hili lina uzito, lakini linalenga muda wa shughuli, halilengi utegemezi. Mtu anaweza asijue uchanganuzi wa riwaya utachukua majuma mangapi, na bado akajua kwa yakini kwamba hauwezi kukamilika kabla ya nadharia kueleweka. PERT yenyewe ilibuniwa kwa kazi ambazo muda wake haukujulikana. Ndiyo maana ilitaka makadirio matatu kwa kila shughuli: ya heri, ya kawaida na ya shari. Kadiri muda unavyokuwa na shaka ndivyo mahusiano yanavyozidi kuwa nguzo ya kutegemea.

Wengine watasema kwamba programu hizi ni ghali. Zipo ghali na zipo zinazopatikana bila malipo, miongoni mwazo GanttProject na ProjectLibre. Hata asiye na tarakilishi anaweza kuandika shughuli zake kwenye vipande vya karatasi, akavipanga juu ya meza na kuviunganisha kwa mishale. Kinachotafutwa ni mshale.

Wengine tena watalalamika kwamba lugha ya programu hizo ni Kiingereza. Lalama hiyo ni ya haki, na jibu lake limo mikononi mwa wanaoitoa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba kazi ya namna hiyo inawezekana. Programu za miradi nazo zinangoja. Hata hivyo, mfasiri atahadhari. Akiuita msururu usio na akiba "njia mahututi" kwa kufuata kamusi neno kwa neno, atampeleka msomaji hospitalini. "Njia isiyo na akiba" huenda ni ndefu kidogo, lakini inasema kitu chenyewe. Vivyo hivyo "shughuli tangulizi", "shughuli fuasi", "akiba ya muda", "muda wa kusubiri" na "ratiba msingi" ni istilahi zinazojieleza, na zinafaa kujaribiwa katika matumizi kabla ya kuingizwa kamusini.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba kila mwanafunzi wa Kiswahili ageuke kuwa meneja wa miradi. Yanapendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, idara ziongeze safu moja katika jedwali la ratiba, yenye kichwa "Inategemea nini?", na pendekezo lisipokewe safu hiyo ikiwa tupu. Pili, shughuli za msimamizi, za kamati na za ofisi za vibali ziorodheshwe sawa na zile za mwanafunzi, zikiwa na muda uliokadiriwa kwa maafikiano. Tatu, ratiba msingi ihifadhiwe katika faili ya mwanafunzi, na kila mabadiliko yaandikwe pamoja na sababu yake kila muhula.

Safu moja tu ingetosha kuanzia. Jopo nalo, badala ya kuuliza iwapo muda utatosha, liweke kidole juu ya mstari mmoja wa ratiba na kumuuliza mtahiniwa: hiki kikichelewa, ni kipi kitasogea na ni kipi kitabaki mahali pake? Atakayejibu swali hilo bila kubabaika ana mpango. Asiyeweza kulijibu arudishwe akaandike upya ukurasa huo, kama vile angerudishwa kwa sababu ya nadharia isiyooana na mada yake.